Kabla Hujalipia Alaimenti

Shimo lilikuwa limejaa maji, na jioni ya mvua maji hayana tofauti na lami. Nilikuwa natoka Kapkatet kuelekea Litein, nyuma ya lori la majani chai. Lori likakwepa, mimi sikukwepa. Gurudumu la mbele la kushoto lilitumbukia kwa kishindo nilichokisikia kwenye meno. Nilishuka nikamulika kwa simu: rimu nzima, tairi zima, hakuna kinachovuja. Nikamshukuru Mungu, nikaendelea. Asubuhi yake, nikienda kazini, ndipo nilipoona kwamba gari likienda moja kwa moja usukani umelala upande, kama kofia iliyovaliwa kwa haraka.

Fundi wa kwanza niliyempelekea gari alikuwa mwepesi. Alifungua nati ya katikati ya usukani, akaung'oa, akaugeuza kidogo, akaurudisha ukiwa umenyooka. Dakika ishirini, pesa mkononi, pole mwalimu, safari njema. Usukani ulikuwa umenyooka, magurudumu hayakuwa. Miezi miwili baadaye, nikiwa nabadilisha tairi lenye pancha, niliona ukingo wa ndani wa lile la mbele la kushoto umelika hadi nyuzi zinachungulia, ilhali upande wa nje, ule unaoonekana ukisimama kando ya gari, ulikuwa bado na kashata nzuri. Tairi nililolinunua jipya mwaka huohuo.

Nimeandika makala haya kwa ajili ya wenzangu wenye Vitz, Demio, Note, Fielder na Probox katika nchi hii ya chai, tangu Kapsoit hadi Silibwet. Barabara zetu zinaharibu alaimenti upesi kuliko tunavyodhani. Na wengi wetu huilipia mapema mno, kabla ya kutengeneza kile kilichoiharibu.

Tuanze na neno lenyewe. Alaimenti ni namna magurudumu manne yanavyotazama barabara na yanavyotazamana. Mafundi hupima mambo matatu, nayo hayana uzito sawa. La kwanza, ambalo ndilo hasa linalokula tairi na kulifanya gari kutangatanga barabarani, huitwa tou, yaani kidole cha mguu. Simama wima uangalie miguu yako. Vidole vikielekeana, hiyo ni tou ya ndani. Vikiachana kama vya bata, hiyo ni tou ya nje. Gari dogo linaloendeshwa na magurudumu ya mbele kwa kawaida hutaka vidole vikaribie kuwa sambamba kabisa, tofauti ya milimita moja au mbili tu kati ya umbali wa tairi hadi tairi kwa mbele na umbali huo kwa nyuma. Kipimo kamili kimo katika kitabu cha gari au kwenye mashine ya alaimenti.

Milimita chache zinaonekana si kitu. Hebu tuzipigie hesabu. Tairi la Vitz la ukubwa 165/70 R14 lina kipenyo cha kama sentimita 59. Tuseme tou imeharibika milimita 6, ambazo ni unene wa penseli tu. Kila tairi la mbele limepinda milimita 3 kwenye hizo sentimita 59. Maana yake ni kwamba kwa kila kilomita unayokwenda, kila tairi linaburutwa kando kama mita 5. Nenda Nakuru kutoka Kericho, kilomita 105 hivi, na tairi lako litakuwa limesuguliwa ubavu zaidi ya nusu kilomita, bila kupiga kona hata moja. Kwenye lami ya kokoto hiyo ni tupa.

Jambo la pili ni kemba: kuegama kwa gurudumu, juu kuingia ndani au kutoka nje. (Fundi wangu wa sasa hulitamka kama kamba, na kwa kuwa kazi yake anaifanya kwa kamba, mazungumzo yetu huchekesha.) Kemba ikizidi hula ukingo mmoja wa tairi, taratibu, na ikitofautiana kushoto na kulia gari huvuta upande. Kwenye magari mengi madogo kemba haina skrubu ya kurekebishia. Kuna uchezo mdogo tu kwenye boliti mbili zinazoshika shokabsoba, basi. La tatu ni kasta, mwinamo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma, ule unaourudisha usukani wenyewe baada ya kona. Nayo kwa kawaida hairekebishiki. Ikitofautiana sana pande mbili, jua kuna chuma kilichopinda, na dawa yake ni kubadilisha hicho chuma.

Sasa njoo kwetu. Barabara za vijijini hapa zimetengenezewa majani chai kabla ya kutengenezewa watu. Malori yanayozunguka vituo vya kununulia majani, alasiri na usiku, mvua ikinyesha au isinyeshe, yanachimba mifereji miwili yenye upana wa lori. Gari dogo haliwezi kutoshea mifereji yote miwili, kwa hiyo huenda likiwa gurudumu moja mferejini na jingine kwenye tuta la katikati, limeegama, tairodi, zile fimbo zinazounganisha usukani na magurudumu, zikipigwa kila hatua. Ukitoka kwenye murramu unapanda lami yenye ukingo uliomegeka, kipande cha inchi tatu nne hivi, unakirukia kwa pembe. Kisha matuta ya kila senta, mengine hayana rangi wala kibao. Huko Japani gari hilihili lilipozaliwa, halikuambiwa habari hizi.

Ndipo tukagundua spesa. Karibu kila Vitz ya huku imeinuliwa: kipande cha alumini au plastiki ngumu kimewekwa juu ya shokabsoba, gari likapanda inchi moja au moja na nusu, na tumbo likaacha kukwaruza. Siwalaumu, hata langu limeinuliwa. Lakini wengi tunasahau kwamba mwili wa gari ukipanda, mkono wa chini na tairodi huteremka kwa pembe kali zaidi. Juu ya gurudumu hutoka nje kidogo, na tou hubadilika bila mtu kugusa nati yoyote. Gari lililoinuliwa bila kupimwa upya ni gari lililoharibiwa alaimenti kwa makusudi. Vilevile viungo vya drafti shafti hufanya kazi kwenye pembe ambayo havikupangiwa, na raba zake hupasuka upesi. Ukiinua, inua kidogo, na upimishe siku hiyohiyo. Anayekuuzia spesa za inchi mbili na nusu kwa Demio anakuuzia pia drafti shafti, ila hajakuambia.

Kabla ya gereji, tembeza kiganja chako juu ya tairi. Hicho ndicho kipimo cha bei rahisi kuliko vyote. Pitisha mkono kutoka ukingo wa nje kuingia ndani, kisha urudishe. Kama upande mmoja unateleza na upande mwingine unakukwaruza kama meno ya msumeno, tou imeharibika. Ukingo mmoja kulika laini bila meno ni dalili ya kemba. Kingo zote mbili kulika na katikati kubaki: umekuwa ukiendesha na upepo mdogo. Katikati kulika na kingo kubaki: umejaza kupita kiasi, ugonjwa wa Probox nyingi za abiria na maziwa, ambazo hujazwa kwa ajili ya mzigo wa asubuhi kisha zikashinda tupu mchana kutwa na upepo uleule. Kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinaonyesha kipimo. Kwenye magari ya Japani mara nyingi kimeandikwa kwa kilopaskali, na 220 ni kama 32 za kipimo chetu cha pampu. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi.

Halafu tofautisha malalamiko. Usukani unaotetemeka kwenye kilomita 80 hadi 100 kwa saa na kutulia ukipunguza mwendo ni mambo ya balansi, au rimu iliyopinda, si alaimenti. Kulipia alaimenti hapo ni kumpeleka mwenye jino bovu kwa daktari wa macho. Gari linalovuta kushoto kidogo kwenye barabara yenye mgongo ni la kawaida, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto na mgongo wa barabara humwaga maji, na magari, upande huo. Likivuta kweli, badilishana matairi mawili ya mbele, la kushoto liende kulia, ikiwa hayana mshale wa mwelekeo. Likianza kuvuta upande wa pili, mkosaji ni tairi lenyewe. Likibaki vilevile, endesha kilomita chache kisha usogeze kiganja karibu na rimu zote mbili: iliyo ya moto zaidi ina breki inayoshika.

Ukishajiridhisha kwamba ni alaimenti, bado usiende kwenye mashine. Inua mbele kwa jeki na uweke stendi. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hasa kwenye ua wa udongo uliolowa. Shika gurudumu kushoto na kulia ulitikise: likigonga, tairodi endi au reki ya usukani imechoka. Shika juu na chini: hapo utasikia boljointi au bearingi. Tazama bushi za mkono wa chini, ile ya nyuma hasa, ambayo hupasuka mpira wake kabla ya zote. Mweke mtu mmoja ndani autikise usukani kidogokidogo huku wewe ukiwa umeshika kila kiungo kwa vidole. Kiungo kibovu utakihisi kabla hujakiona.

Hapa ndipo pesa zetu nyingi hupotelea. Alaimenti iliyopigwa juu ya boljointi iliyolegea haifiki hata Chebilat. Mashine itaonyesha rangi ya kijani kwenye kila kisanduku, utapewa karatasi, na kwenye shimo la kwanza gurudumu litarudi lilikozoea. Tairodi endi moja ni bei ndogo ukilinganisha na tairi moja. Nunua hiyo kwanza.

Mzaliwa mmoja wa Kericho angenielewa haraka. Joginder Singh, aliyezaliwa hapa mwaka 1932, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa wa Safari Rally, na aliishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Ile ya kwanza aliishinda na Volvo PV544 ambayo ilikuwa tayari imeshatumika kwenye mashindano. Huwa namkumbuka nikimsikia mtu akisema gari la mtumba haliwezi kushika barabara. Linaweza, mradi viungo vyake ni vizima.

Fundi wangu wa sasa yuko kando ya barabara kuu kule Kaplong. Hana kompyuta. Ana uzi wa nailoni, stendi nne za chuma, futi ya chuma yenye milimita na subira. Nilimtazama akifanya kazi, na nitaeleza alivyofanya kwa sababu yeyote aliye na sakafu ya saruji iliyo sawa anaweza kujikagua nyumbani hata kama hatagusa nati.

Kwanza alijaza upepo. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, wewe husafiri na nani?" Nikamwambia mara nyingi niko peke yangu, na gunia la viazi Ijumaa. Akaniambia nikae kwenye kiti cha dereva. Gari lililobeba hushuka, na likishuka tou husogea. Kwa hiyo hupimwa likiwa katika hali linayotumika. Wenye Probox za mzigo kutoka Bomet wafikirie hilo: ukilipima tupu, umelipimia safari ya kurudi.

Pili alilisukuma gari mbele mita tatu hivi, usukani umenyooka, kisha akabonyeza boneti na buti mara kadhaa. Gari likishushwa kutoka kwenye jeki hubaki limebana miguu ndani, na ukipima hapohapo unapima uongo. Lazima gari litembee kwanza.

Tatu akavuta uzi kila upande wa gari, usawa wa katikati ya magurudumu. Magurudumu ya mbele na ya nyuma mara nyingi hayaachani kwa umbali sawa, kwa hiyo hakuugusisha uzi kwenye matairi. Aliupima kutoka katikati ya haba (kitovu cha gurudumu), mbele na nyuma, akausogeza hadi nyuzi mbili zikawa sambamba na gari. Hilo lilimchukua muda kuliko kazi nyingine yote. Ndipo akapima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, halafu hadi ukingo wa nyuma. Kulia: tofauti ya nusu milimita. Kushoto: milimita nne, vidole nje. Kwenye rimu, si kwenye tairi. Ukingo wa tairi uko mbali zaidi na katikati, hivyo huko ingekuwa nyingi zaidi. Ndiyo maana fundi akikutajia milimita, muulize amepimia wapi.

Magurudumu ya nyuma aliyapima pia. Magari haya madogo yana ekseli ya nyuma isiyo na marekebisho, na wengi huiruka. Lakini ekseli iliyopinda hulisukuma gari upogo, na mbele ikinyooshwa namna gani usukani hautanyooka. Yangu ilikuwa salama.

Kulegeza nati ya tairodi kulihitaji mafuta ya kulainisha kutu na spana mbili, moja ikishika, nyingine ikigeuza. Alichukua pia koleo akalegeza kibano cha raba ya reki, ili raba isijisokote. Tairodi za gari langu ziko nyuma ya ekseli, kwa hiyo kuirefusha tairodi huingiza vidole ndani. Alizungusha robo mzunguko, akasukuma gari, akapima. Robo nyingine, akasukuma, akapima. Robo moja inaweza kuhamisha ukingo wa tairi milimita moja hadi mbili. Fundi anayezungusha mizunguko miwili mitatu kwa jicho tu anabahatisha. Na kwa kuwa upande uliopinda ulikuwa mmoja, alirekebisha huohuo. Kama pande zote zimekwenda sawa, basi huzungushwa sawa, la sivyo usukani utahama.

Usukani nao ilibidi uvuliwe na kurudishwa mahali pake pa kiwandani, pale pa kabla ya fundi wa kwanza. Ikiwa gari lako ni jipya kidogo na lina mfumo wa kuzuia kuteleza, kuna kihisi kinachokumbuka pembe ya usukani. Usukani ukihamishwa ovyo, kihisi hudhani unapiga kona ilhali unakwenda moja kwa moja, na taa ya njano huwaka kwenye dashibodi. Gari la namna hiyo lipeleke kwenye mashine yenye kifaa cha kukirudisha kihisi kwenye sifuri.

Sina ugomvi na mashine. Kwa kemba, kasta na ekseli ya nyuma inapita uzi kwa mbali. Ila nenda ukiwa na maswali. Magurudumu ya mbele yawe yamekaa juu ya sahani zinazozunguka. Vichwa vya kupimia vifungwe imara kwenye rimu, na gurudumu lizungushwe kwanza ili rimu iliyopinda isipotoshe hesabu. Omba karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada. Akikuambia kemba ya kushoto imetoka nje ya kiwango na hakuna cha kufanya, asiishie hapo: mkono wa chini umepinda, au shokabsoba, au spesa za pande mbili hazilingani. Mojawapo.

Tulilijaribu gari kwenye kipande kilichonyooka kuelekea Sotik. Nilishika usukani kwa vidole viwili tu. Kabla ya hapo, kwenye lami iliyolowa, pua ya gari ilikuwa ikitangatanga, ikifuata kila ufa kama mbuzi anayefuata majani; vidole vikiwa nje, kila gurudumu hutaka kwenda kwao. Sasa lilitulia. Kwenye kona liliingia bila kusitasita, na usukani ukarudi wenyewe. Tairi lililolika halikupona, bila shaka. Nililiondoa kabisa, hata spea halikufaa, na mapya mawili yakakaa mbele.

Tangu hapo hupimisha kila kilomita 5,000, kwa kuwa nusu ya njia yangu ni murramu. Mwenye kuendesha lami tupu anaweza kungoja 10,000, wakati wa kuzungusha matairi. Na kila baada ya kishindo cha aina ile, bila kungoja kitu.

Fundi alipomaliza kukaza nati alichovya kijiti kwenye rangi nyeupe, akachora mstari mmoja mwembamba uliovuka nati na tairodi, kushoto na kulia. Nikiliosha gari Jumamosi huinama kwanza nikautazama. Juzi ule wa kushoto ulikuwa umekatika, nati imesogea kama upana wa punje ya mchele.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Kaplong.